Merci Niliyoisema Langoni

Kila siku ya kwanza ya kozi ya mikataba, ninawasomea wanafunzi wangu sentensi moja ninayoipenda mno, na ninaisoma polepole ili waiandike yote: mkataba hauzaliwi kwenye karatasi, unazaliwa pale nia mbili zinapokutana. Kisha ninanyamaza, ninavua miwani na kuifuta. Miwani yenyewe haina vumbi lolote. Ni kwamba baada ya sentensi kama hiyo mwalimu lazima aipe mikono yake kazi, la sivyo ataonekana anangoja kupigiwa makofi.

Mimi ni mtu wa Butembo, katika commune ya Vulamba, na ninaishi nyumba moja na mama yangu mzazi. Mara mbili kwa mwaka ninateremka Beni kufundisha kozi hiyo kwa juma zima. Wanafunzi wa huko wananiita Professeur, ingawa cheo changu hakijafika mbali hivyo, na sijawahi kuwasahihisha. Wananicheka pia kwa sababu ya koti. Sisi wa Butembo tumezoea baridi ya milimani. Tunatoka nyumbani alfajiri tumefunga vifungo hadi kooni, na tukifika Beni kwenye joto tunaona haya kuvua koti mbele za watu, kwa hiyo tunatokwa jasho kwa heshima zote.

Kabla sijaenda mbali inanibidi nieleze habari ya neno merci, maana ndilo lililoniponza.

Nyumbani kwetu, ukisema asante umepokea. Kwa Kinande tunasema wasingya, na sijawahi kumwona mtu akisema wasingya halafu akaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo nilipopelekwa shule ya bweni kwa mapadre nikiwa na miaka kumi na miwili, nikaketi mezani na kuletewa sahani ya maharagwe kwa mara ya pili, nilisema kwa adabu niliyofundishwa, "Merci, mon père." Sahani ikanipita. Ikaenda kwa jirani yangu, ambaye aliitikia kwa kichwa tu, akajaziwa. Nililala nusu shibe siku nne kabla ya mtu kunihurumia na kunieleza kwamba kwa Wafaransa, ukikaribishwa chakula ukajibu merci, umekataa. Somo lililoingia kupitia tumboni halitoki. Tangu siku hiyo merci yangu ikawa ya Kifaransa, na nikawa ninajivuna nayo kidogo. Nikitaka kukataa kitu bila kumuumiza mtu, ninasema merci na kuinua mkono. Nilidhani Vulamba nzima inajua.

Sasa nije kwenye mashine.

Sebuleni kwetu palikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, ambayo sisi tunaiita mashini tu, kama kwamba duniani hakuna mashine nyingine. Ni ya mama. Alianza kuitumia kabla sijazaliwa. Sare zetu za shule zilitoka pale, na koti langu la kwanza, lililokuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa sababu nilikuwa ninacheza badala ya kusimama nipimwe. Baba alipofariki, mashini hiyo ndiyo iliyotulisha sisi watoto wanne. Miaka mitatu sasa macho ya mama hayaoni tena tundu la sindano. Hata hivyo kila alasiri alikuwa akiondoa kitambaa kilichoifunika, anaipaka mafuta, anaketi, anaikanyaga bila uzi wala nguo. Nikipita na vitabu vyangu nilikuwa nikimtania, "Mama, unasafiri wapi leo?" Naye alikuwa akijibu kwamba anakwenda Eringeti, mbali kule mbele ya Beni, nimfungulie njia. Mimi nilidhani ni mazoea ya uzee.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu ni mama mmoja mshonaji. Yeye ni Mprotestanti na sisi ni Wakatoliki, jambo ambalo halijawahi kutuletea shida isipokuwa Jumapili asubuhi, pale korali yake inapofanya mazoezi ya sauti wakati sisi bado tunatafuta viatu. Mashine yake ilikuwa imevunjika meno ya ndani, na korali nzima ya akina mama ilikuwa inamngojea awashonee nguo za sikukuu.

Jumatatu hiyo nilikuwa langoni, mguu mmoja juu ya pikipiki iliyokuja kunipeleka stendi ya magari ya Beni, begi mgongoni, koti limefungwa hadi kooni. Jirani akatokea, akasimama mbele ya gurudumu.

"Prof, ile mashini ya mama inalala bule," akasema. "Munipatie ile mashini, na miye nitamushoneaka mama bikwembe byake byote, kila fête, mpaka siku Mungu atatuita. Unasema nini?"

Yaani vitenge vya mama, kila sikukuu, kwa kubadilishana na mashini. Dereva wa pikipiki alikuwa anangurumisha injini yake. Nilitaka kumkatalia vizuri, bila maneno mengi. Nikainua mkono.

"Merci, mama. Merci!"

Akapiga makofi, akaangalia juu, akasema, "Aksanti Bwana Yesu!" Nami nikaondoka zangu nikitabasamu, nikiwaza kwamba Waprotestanti wana imani kubwa kweli, wanamshukuru Mungu hata wakinyimwa.

Jumatano saa sita mchana mama akanipigia simu Beni. Mama hapigi simu ovyo. Akipiga, kuna mgonjwa au kuna mgeni.

"Papa," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "bamekuya kubeba mashini."

"Nani banabeba mashini?"

"Mama wa korali. Anasema mulisikilizana."

"Mama, miye sikusikilizana na mutu!"

"Anasema ulisema merci."

Nilisikia upande wa pili kuku, redio ya jirani, kisha pumzi ya mama.

"Haina shida, papa," akasema. "Wewe njo ulisomaka mambo ya mikataba. Miye nilifungua tu mulango."

Nyumbani kwetu njo ni ndiye au ndiyo, na mama akisema haina shida, shida ipo na imekwisha kukaa kwenye kiti. Nilimuuliza kama analia. Akasema ni baridi. Simu ilipokatika nilibaki nimesimama kwenye veranda ya chuo na chaki mkononi, na niliona uchungu ambao sikuutazamia. Nilimwona mama amefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, amesogea pembeni, wanaume wawili wanapita na mashini aliyotulea nayo, naye anakaa kimya kwa sababu amedhani mwanawe msomi ndiye aliyeamua.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Uchungu ulipopungua kidogo, kiburi kikapanda. Nikajiambia: hapa hakuna mkataba. Jirani alitoa pendekezo, mimi nikakataa, yeye akaelewa kwamba nimekubali. Nia mbili hazikukutana, zilipishana barabarani bila hata kusalimiana. Asubuhi ile ile nilikuwa nimefundisha masharti manne ya mkataba: ridhaa ya anayejifunga, uwezo wake mbele ya sheria, kitu chenyewe kinachojulikana, na sababu isiyo haramu. Sharti la kwanza limeanguka, basi nyumba yote imeanguka. Mashini itarudi Ijumaa. Na ili nifurahie ushindi wangu mapema, nikaamua Alhamisi niwape wanafunzi kisa hicho kama zoezi. Sikutaja kwamba ni changu. Nilimwita mhusika Bwana X, nikamvika tabia njema.

Nilieleza yote, lango, pikipiki, mkono uliopanda juu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikauliza: je, mkataba upo?

Aliyesimama kwanza ni kiongozi wa darasa, kijana wa Mbau ambaye kwao wanauza ndizi kando ya barabara na tangu utoto amewasikia watu wakivutana juu ya nani alisema nini.

"Prof, uko," akasema. "Bwana X njo mwenye kosa."

"Kwa nini? Yeye alitaka kukataa!"

"Mais, lakini alikuwa wapi? Alikuwa Butembo. Ku Butembo mutu akikwambia merci, utasikia nini? Utasikia amekamata, amepokea. Na jana wewe mwenyewe ulituandikisha: neno yenye iko na maana mbili, tunaifasiri kufuatana na desturi ya fasi, ya mahali kwenye batu banasikilizania. Donc ile merci ni ya Butembo. Haiko ya Paris."

Darasa likacheka. Niligeuka ubaoni nikakuta kanuni hiyo bado ipo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, imepigiwa mistari miwili chini. Nilikuwa nimesahau kuifuta.

Nikajitetea. Nilisema Bwana X alikosea kwa nia safi, kwamba kosa linaweza kubatilisha ridhaa, kwamba alikuwa na haraka. Kijana wa Mbau akasema haraka haiko kwenye syllabus, ametafuta. Nikasema Bwana X ni msomi, amezoea Kifaransa. Wakasema basi angekataa kwa Kifaransa, neno non lipo na ni fupi. Joto lilikuwa limenishika, na koti lilikuwa bado mwilini.

Hapo ndipo mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele aliponyanyua kalamu. Ni mfanyabiashara wa Eringeti, mtu mzima, pengine tunalingana umri. Aliamua kusoma sheria baada ya kuchoka kuwalipa watu wanaomsomea barua. Huwa haongei. Akiongea, wenzake wanaacha kuandika.

"Prof, miye niko na swali moja tu. Ile mashini ni ya nani?"

"Ya mama yake Bwana X."

"Mama iko muzima?"

"Yuko mzima."

"Akili iko?"

"Akili anayo kuliko sisi wote."

"Bon," akasema. "Alors Bwana X alikuwa anasema merci juu ya kitu gani? Ndiyo yake haiko na kazi, na hapana yake haiko na kazi. Haiko mashini yake. Yeye na jirani banapigana hapa juu ya merci, na mwenye mashini iko mu nyumba, hakuna hata mutu moja mwenye alimuuliza."

Mtu hawezi kutoa kitu kisicho chake. Nimelifundisha hilo miaka minane, kwa mifano ya mbuzi, ya viwanja, ya pikipiki. Nilikuwa nimeshinda siku nzima nikitafuta moyoni kama mimi nilikubali au nilikataa, na halikunijia hata mara moja swali la kwamba ilinihusu nini. Nilimsikitikia mama kwa sababu ameondolewa mashini kwa merci yangu. Sikuwa nimeona kwamba ningemkosea vile vile kama ningeikataa mimi, langoni, mguu mmoja juu ya pikipiki, bila kuingia ndani kumwambia kuna mtu anaiulizia. Niliona haya, haya ya kweli.

"Prof," yule mama akaendelea, taratibu, "huyu Bwana X iko mutu wa Vulamba?"

Darasa lilivunjika mbavu. Nikavua koti. Nadhani hilo ndilo walilolishangilia zaidi.

Ijumaa jioni nilifika Butembo, na hapa inanibidi nikiri jambo ambalo wanafunzi wangu hawalijui. Badala ya kuingia nyumbani nilipitiliza hadi kwa jirani. Nilikuwa na hotuba tayari kichwani: ridhaa, kosa, kitu cha mtu mwingine. Nilisimama kwenye lango lake. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliiona mashini yetu, imesuguliwa inang'aa, imewekewa mkanda mpya, na pembeni vitambaa vya bluu vya korali vimepangwa. Jirani alikuwa ameinama anaimba. Nilinyanyua mkono nibishe, nikaushusha. Maana nilikuwa karibu kuirudisha mashini kama vile nilivyoitoa, yaani bila mwenyewe kujua. Yule mama wa Eringeti angenipa sifuri mara ya pili. Nikageuka nyumbani.

Mama alikuwa ameketi pale pale pa siku zote, kwenye kiti chake, akitazama sakafuni palipobaki alama nne za miguu ya chuma. Hakuwa analia. Alikuwa anachambua maharagwe kwa vidole, anayatambua mabaya kwa kuyagusa.

"Mama," nikasema, "nilikosa. Jirani aliniuliza mashini yako, na miye nikajibu. Nilipaswa kukuambia."

Akaendelea kuchambua.

"Miye nilisema merci ya kukatala," nikaeleza.

"Kuko merci ya kukatala?"

"Kwa Wafaransa."

"Wafaransa bako mu hii nyumba?"

Nikasema hawapo. Kisha nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, swali ambalo lingechukua nusu dakika siku ya Jumatatu: anataka nini na mashini yake?

Akachagua maharagwe mawili mabaya, akayatupa pembeni. Hatimaye akasema, "Wasingya." Na mimi, niliyekwisha kuungua, nikauliza haraka, "Mama, hiyo ni ya ndiyo ao ya hapana?" Akacheka hadi maharagwe yakamwagika. Akasema hiyo ni asante ya kuulizwa tu, majibu yanakuja.

Majibu yalikuja Jumamosi baada ya chai, jirani akiwa ameitwa, amekaa mbele yetu na mikono magotini, ana hofu. Alikuwa amekwisha kupata habari ya merci, na alianza kuomba msamaha. Mama akamzuia.

"Leo hapana kusema merci, hapana kusema aksanti," akatuamuru sisi wote wawili. "Leo ni ndiyo na hapana."

Kisha akasema anayotaka, na ninakiri sijawahi kusikia masharti yaliyonyooka hivyo hata kwa wanasheria wenye makoti meusi. Mashini ikae kwa jirani, maana nguo za korali haziwezi kungoja. Jirani asiiuze wala kumwazima mtu. Siku mama akisema irudi, inarudi.

"Na bikwembe?" jirani akauliza. "Nilisema nitakushonea kila fête."

"Bikwembe, hapana. Niko nabyo." Mama akavuta pumzi. "Miye ninataka kitu ingine. Macho haione tena uzi. Mais miguu iko bado. Kila samedi kama hii ya leo, nitakuya kwako. Wewe utaweka uzi, utashika kitambaa. Miye nitakanyaga."

Sikuelewa mara moja. Jirani ndiye aliyeelewa. Machozi yalimjaa, akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo," akirudia kwa sababu alikuwa amekatazwa neno lile jingine. Ndipo nikakumbuka alasiri zote zile, mama akikanyaga bila uzi wala nguo, na mimi nikipita na kuuliza anasafiri wapi. Hayakuwa mazoea ya uzee. Alikuwa anatunza miguu yake, endapo atatokea mtu mwenye macho.

Mama akataka iandikwe. Nikaleta karatasi nzuri ya chuo, nikaandika kwa mwandiko wa ubaoni, nikaanza kama ninavyoanza kila mkataba: kati ya hawa wafuatao. Nikaweka jina langu, nikaongeza kwa niaba ya mama yangu, kisha jina la jirani, kisha masharti yote. Mama akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nianze tena juu, taratibu.

"Wewe unafanya nini pale juu?" akauliza.

"Ni kwa niaba yako, mama. Njo banaandikaka vile."

"Nilikutuma?"

Jirani aliangalia dirishani ili asicheke.

"Hapana, mama."

"Toa jina yako kule juu. Weka yangu. Yako, uandike kule chini kabisa."

"Kule chini ni fasi ya témoin, mama. Shahidi tu."

"Njo fasi yako," akasema, na akanyoosha kidole gumba nimpake wino.